Napuliza kwa nguvu, sauti ni ileile: EWI, FL Studio na baridi ya Uyole

"Shikamoo mwalimu. Napiga saksafoni kwenye kwaya ya kanisa letu hapa Uyole, Mbeya, mwaka wa saba sasa. Kaka yangu aliyeko Ujerumani alinitumia Akai EWI USB iliyokwishatumika, kile chombo cha umeme kinachopulizwa kama saksafoni. Nimeichomeka kwenye kompyuta ya Windows yenye FL Studio, programu ya kutengenezea muziki. Noti zinaingia, lakini nikipuliza taratibu au nikipuliza mpaka mishipa ya shingo inatoka, sauti ni ileile, kama mtu anabonyeza kinanda. Halafu inachelewa: napuliza, ndipo baadaye inasikika. Asubuhi kukiwa na baridi noti zinaruka zenyewe, na mara nyingine sauti inayumba bila mimi kutaka. Prodyuza wetu anasema nisijichoshe, hicho ni kinanda cha kupuliza tu, sehemu zangu atazipiga yeye kwa kinanda cha kawaida. Mwingine kaniambia Mbeya iko juu sana, hewa ni nyepesi, vifaa hivi vinataka nchi za karibu na bahari. Ninunue kadi ya sauti? Au niiuze nirudi kwenye saksafoni na maiki?"

Marahaba, na pole kwa kuhangaika. Usiuze chochote kwanza, na kadi ya sauti usiinunue kwanza. Katika maelezo yako naona matatizo manne yaliyofungwa furushi moja, na kila moja lina sababu yake. Linalokuumiza zaidi, hilo la pumzi kutosikika, ndilo ambalo huenda halitakugharimu hata shilingi, kwa hiyo nitakaa nalo kuliko mengine.

Nianze na hewa nyepesi niitoe njiani. Ni kweli Mbeya mjini iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa yake si nzito kama ya Tanga. Lakini kinachopimwa na kihisi cha pumzi kilicho ndani ya chombo ni tofauti kati ya msukumo ulio mdomoni mwako na ule wa hewa iliyokuzunguka. Hewa ikiwa nyepesi, ni nyepesi pande zote mbili. Peleka chombo hicho Matema ufukweni mwa Ziwa Nyasa, kisha kipandishe Kitulo, kitakuitikia vilevile. Saksafoni yako imelia miaka saba hapohapo Uyole na hakuna aliyeisingizia hewa. Baridi, ndiyo, ina kesi ya kujibu, nami nitaifikia.

Sasa pumzi. EWI USB haina sauti ndani yake, hata moja. Kinachopita kwenye waya ni ujumbe wa MIDI, mfumo wa namba ambao vyombo vya umeme vimekuwa vikisemezana nao tangu 1983. Unapogusa vitufe na kupuliza, chombo kinatuma taarifa kwamba noti fulani imeanza, tena imeanza kwa nguvu kiasi fulani. Taarifa hiyo inatumwa mara moja tu. Kuanzia hapo, muda wote unaopuliza, kinatuma mkondo mwingine wa namba kati ya 0 na 127: pumzi sasa ni 40, sasa 63, sasa 90, sasa inashuka. Mkondo huo kwa kawaida hupita kwenye kidhibiti namba 2, ambacho waliotunga MIDI walikitenga kwa ajili ya pumzi.

Kinanda hakina habari na mkondo huo wa pili. Ukishabonyeza kitufe cha piano, nguvu uliyoanza nayo ndiyo imekwisha kuamua kila kitu. Na sauti nyingi zilizomo kwenye FL Studio zimetengenezwa kwa ajili ya watu wa kinanda: zinasikiliza noti na nguvu ya kuanzia, basi. Pumzi yako inafika mlangoni, inabisha hodi, na ndani hakuna aliyeambiwa afungue.

Kuna jambo lingine linalozidisha ubaya, na wapiga saksafoni wengi hawalitambui. Ile nguvu ya kuanzia inapimwa wakati noti inapozaliwa, na wakati huo pumzi yako ndiyo kwanza inapanda. Ukiiingiza noti kwa ulaini ili uikuze baadaye, kama mnavyofanya kwenye tenzi, kompyuta inasoma namba ndogo, inachagua rekodi ya sauti laini, na kuishikilia hiyohiyo hadi mwisho. Unaweza kupuliza hadi kizunguzungu, uamuzi umeshapita. Ndiyo maana kwenye mipangilio ya chombo napendekeza nguvu ya kuanzia ifungwe kwenye namba moja, mathalani 100, na kazi yote ya kupaza na kupunguza iachiwe mkondo wa pumzi.

Kabla ya kugusa FL Studio, hakikisha pumzi inafika. Pakua MIDI-OX, programu ya bure ya Windows. Funga FL Studio kabisa, kwa sababu kwenye Windows mara nyingi mlango mmoja wa MIDI haufunguliwi na programu mbili kwa wakati mmoja. Fungua MIDI-OX, chagua EWI kwenye orodha ya vifaa vinavyoingiza, kisha puliza noti moja ndefu kutoka chini kabisa hadi juu. Mistari itamiminika. Tafuta ile yenye B0 ikifuatiwa na 02. B0 maana yake ni ujumbe wa kidhibiti kwenye chaneli ya kwanza. 02 ndiyo pumzi. Namba ya tatu ni ukubwa wake. Zimeandikwa kwa hesabu ya kompyuta inayochanganya tarakimu na herufi, kwa hiyo usishtuke ukiona 3F au 5A. Mwisho wake ni 7F, yaani 127.

Unachotaka kuona ni namba inayopanda polepole nawe unapopanda, na kufika karibu na 7F pale unapopuliza kwa nguvu yako halisi ya kanisani, bila kuminya shingo. Ikigonga 7F mara tu unapoanza kupuliza, unyeti wa pumzi uko juu mno. Ikiishia katikati hata ukijitutumua, uko chini. Vyote viwili vinarekebishwa kwenye programu ya Aria iliyotoka kiwandani pamoja na chombo hicho. Na kwa kuwa chombo kimetumika, usishangae ukikuta badala ya 02 kuna 07, 0B, au mistari inayoanza na D0: mwenye nacho wa kwanza huenda aliielekeza pumzi kwingine. 0B ni kidhibiti namba 11 na hakina ubaya. 07 ningeibadili, maana hiyo ndiyo namba ya sauti ya jumla, na pumzi ikikaa hapo itakuwa inagombana na mchanganyiko wa prodyuza kila siku.

Pumzi ikionekana, rudi FL Studio. Bonyeza F10, nenda kwenye ukurasa wa MIDI, chagua EWI, iwashe, kisha ipe namba ya mlango, tuseme 5. Wengi huishia hapo. FL Studio ina tabia yake: vidhibiti vinavyoingia haivipitishi hadi ndani ya plagini, yaani programu ndogo ya sauti inayofanya kazi ndani yake, mpaka uiambie. Fungua plagini ya sauti unayoitumia, bonyeza alama ya gia juu kushoto, tafuta palipoandikwa "Input port", weka 5 ileile. Hapo mlango umefunguka, na plagini inayoelewa kidhibiti namba 2 itaanza kuitika palepale.

Kama plagini haielewi, iko njia nyingine: bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya juu ya kirungu (kile cha kuzungusha kwenye skrini) unachotaka kiendeshwe na pumzi, chagua "Link to controller", kisha puliza. Hapa kuna mtego. Chombo chako kinatuma mambo kadhaa kwa pamoja, na ukiuma mdomo wa chombo au kidole gumba kikiteleza kwenye bamba la kupinda sauti wakati huohuo, programu inaweza kukamata hicho badala ya pumzi. Shika noti moja, tuliza vidole, legeza meno, ndipo upulize.

Ukiunganishe kirungu gani? Wengi huunganisha cha sauti kubwa na ndogo, wanaridhika. Mimi siridhiki. Saksafoni ikipulizwa kwa nguvu haiongezeki ukubwa tu, inang'aa pia: sauti za juu zinajitokeza, ule ukali wa shaba unatoka. Ikipulizwa kwa ulaini inafifia na kuwa butu. Kwa hiyo pumzi iendeshe vitu viwili, ukubwa wa sauti na kichujio kinachofungua sauti za juu. Jaribu Surge XT, sinthesaiza ya bure, yaani plagini inayounda sauti yenyewe: kwenye vyanzo vyake vya kuendesha sauti pumzi imo, imeandikwa "Breath", unaiburuta hadi kwenye kichujio na kwenye ukubwa. Hapohapo iweke kwenye hali ya noti moja kwa wakati mmoja, "Mono", yenye kuunganisha noti, la sivyo kila unapobadili kidole sauti itaanza upya kana kwamba umeugonga ulimi.

Lakini Surge XT haitakupa saksafoni ya kweli, na sitaki nikudanganye. Ukitaka saksafoni inayofanana na saksafoni, ziko plagini ambazo hazitumii rekodi pekee bali zinakokotoa mwenendo wa hewa na mwanzi ndani ya bomba. SWAM ya Audio Modeling ni mojawapo. Zinaitikia pumzi kwa namna ya kushangaza, ila zinauzwa, na kompyuta dhaifu itahema. Wewe saksafoni unayo! Sioni sababu ya kulipia ya kuigiza. Mimi ningekitumia chombo hiki kwa sauti usizo nazo: filimbi, obo, nyuzi zinazovuma taratibu chini ya waimbaji, au sauti za kisinthesaiza ambazo hakuna bomba la shaba linaloweza kuzitoa.

Tuje kwenye kuchelewa. Hili halihusiani na EWI wala pumzi. Kompyuta haitoi sauti tone kwa tone. Inaikusanya kwenye bafa, ikijaa ndipo inaiachia. Kwa kiwango cha kawaida cha sampuli 44,100 kwa sekunde, bafa ya 2,048 peke yake inakula milisekunde 46, ya 512 inakula 12, ya 256 inakula karibu 6. Milisekunde 10 ni muda ambao sauti inasafiri mita tatu na ushee, yaani umbali wako na mwimbaji wa mstari wa nyuma, na hilo mwili wako umelizoea. Hamsini huwezi kuzizoea. Kwenye mipangilio ya sauti ya FL Studio achana na draiva ya kawaida ya Windows (draiva ni programu inayopeleka sauti kwenye kifaa), chagua FL Studio ASIO inayokuja na programu yenyewe, au ASIO4ALL ya bure, kisha shusha bafa hadi 256. Sauti ikianza kukwaruza, panda hadi 512. Chomeka hedifoni ya waya. Kama umekuwa ukisikilizia spika ya Bluetooth, basi mchawi ndiye huyo: spika hizo mara nyingi zinaongeza zaidi ya milisekunde 100, na hakuna mpangilio wa FL Studio utakaozirudisha. Umeme ukikatika na kompyuta ikabaki kwenye betri, Windows hupunguza kasi ili kuokoa chaji, na mikwaruzo inarudi hata kama jana ilikuwa safi. Iweke kwenye hali ya nguvu kamili kabla ya kurekodi.

Kadi ya sauti nzuri itakusaidia hapa kwenye kuchelewa, na zaidi siku utakaporekodi saksafoni kwa maiki. Pumzi haitaigusa kabisa. Kwa hiyo si kazi yake ya sasa.

Sasa baridi. Vitufe vya EWI havibonyei. Vinatambua ngozi, kwa umeme mdogo sana unaopitia mwilini mwako, na ngozi kavu inapitisha umeme huo vibaya. Juni hadi Agosti huko kwenu, na Makete na Njombe ndiyo usiseme, viganja vinakauka mpaka vinapasuka. Kidole kipo juu ya kitufe, chombo hakikioni, noti inaruka. Osha mikono kwa maji ya uvuguvugu, jipake losheni nyepesi kidogo, isubiri ikauke. Mafuta ya mgando usiyatumie. Yanaweka utando na kuvifanya vidole viteleze. Hakikisha pia vidole gumba vinagusa mabamba ya chuma yaliyo nyuma ya chombo, kwa sababu mzunguko wa umeme unakamilikia hapo. Mpiga saksafoni hupenda kuinua gumba kidogo anapovuka oktavu, na kwenye EWI tabia hiyo inakuadhibu.

Kabla ya kulaumu ngozi, chomoa chaja ya kompyuta upige kwa betri. Chaja isiyo na waya wa ardhi, au iliyochomekwa kwa adapta ya pini mbili, huingiza kelele za umeme ambazo vihisi vya kugusa vinaziona kama vidole. Noti zikitulia bila chaja, umepata jibu: tafuta soketi yenye ardhi ya kweli. Nyumba nyingi zina soketi ya matundu matatu ambayo tundu la tatu halijaunganishwa na chochote. Hilo ni la fundi umeme, na lingefaa kushughulikiwa hata kama usingekuwa na EWI.

Pumzi ya moto ikiingia kwenye bomba baridi inageuka maji. Ukimaliza kupiga, kisimamishe chombo mdomo ukiangalia juu, acha kichuruzike, futa mdomo wake, ndipo ukirudishe kwenye begi. Na asubuhi kiache kizoee joto la chumba kabla hujarekebisha unyeti wa pumzi, maana vihisi huhama kidogo joto linapobadilika.

Kuyumba kwa sauti ni meno yako. Kwenye saksafoni umezoea kuubana mdomo wa chombo ili sauti isimame. Mdomo wa EWI una kihisi cha kuumwa, na kila ukiuma inapinda sauti au kutia mtetemo. Shika kwa midomo, meno yapumzike. Itakuchukua muda, kwa hiyo kwa sasa unaweza kupunguza au kuzima unyeti wa kuumwa kwenye mipangilio.

Kuhusu prodyuza wako, mwelewe. Ameona chombo kilichounganishwa nusu, na kwa alichokisikia yuko sahihi: bila pumzi, hicho ni kinanda chenye vitufe vichache. Mwonyeshe mkondo wa namba 2 ukipanda na kushuka kwenye skrini, kisha mwombe afanye hivyo kwa kinanda. Anaweza, kwa kuchora mistari kwa kipanya baada ya kupiga, na wapo wanaoichora vizuri. Ila masikio ya kanda hii yamekulia kwenye matarumbeta ya makanisani, na Wamoravian wako Rungwe tangu 1891. Watu hao husikia mara moja kama mtu anahema ndani ya noti au la.

Mpe na onyo moja. Maprodyuza wana mkono mwepesi wa kunyoosha noti ziangukie kwenye mstari wa mdundo. FL Studio ikinyoosha noti, haizisogezi namba za pumzi zilizorekodiwa pembeni. Noti inahamia kwake, pumzi inabaki ilipokuwa, na matokeo yake ni noti inayoanza bubu halafu inafoka katikati. Wengi wakisikia hivyo husema chombo ni kibovu. Ama asinyooshe, ama asogeze vyote viwili pamoja, ama urudie kupiga, na kurudia ndiko ninakokupendekezea. Kwenye kitufe cha kurekodi, hakikisha vidhibiti vimeruhusiwa pamoja na noti, na ukipata sehemu uliyoipenda, igeuze kuwa faili la sauti siku hiyohiyo. Plagini hubadilika, kompyuta huharibika, faili la sauti linabaki.

Kwa ibada ya Jumapili ningebaki na saksafoni. EWI USB bila kompyuta ni bubu, na sipendi kumwona mpigaji akisubiri Windows iwake huku mchungaji amekwisha taja namba ya wimbo. Kama unataka chombo cha umeme cha jukwaani, tafuta chenye sauti ndani yake, kama Roland Aerophone au EWI 5000. Aerophone ina vitufe vinavyobonyea, na kwa mtu wa saksafoni anayeishi kwenye baridi hilo si jambo dogo. Hata hivyo sioni haraka ya kutumia fedha wakati ulicho nacho hujakisikia bado kikifanya kazi.

Kwa fundi utakwenda ikiwa MIDI-OX haionyeshi pumzi hata chembe kwenye kidhibiti chochote, au pumzi imeganda kwenye namba moja hata chombo kikiwa mezani, au kitufe kilekile kinajigusa chenyewe baada ya kuchomoa chaja na kukisafisha. Tundu la USB likiwa limelegea, fundi simu mzuri wa Mwanjelwa anayechomelea vitu vidogo analiweza. Kihisi cha pumzi ni jambo lingine: usikubali kifunguliwe "tuangalie tu". Muulize kwanza kama amewahi kufungua chombo cha umeme cha kupuliza au hata kinanda cha MIDI, na asipokuwa na jibu, rudi nacho nyumbani. Kama ni mipangilio tu inayokushinda, tafuta mtu wa studio ukae naye saa moja, chombo mkononi na kompyuta mbele yenu. Mambo ya bafa na milango yanaeleweka haraka mkiwa wawili.

Ukishapuliza kwenye MIDI-OX, niandikie namba mbili za kwanza ulizoziona, ile ya tatu imefika wapi ulipopuliza kwa nguvu ya kawaida, na jina la plagini unayoitumia.